Theluji ya Mtaliano na Kisima cha Ukweni

Theluji sijaiona hata siku moja, na kwa umri huu sitaiona tena, labda inifuate yenyewe. Lakini mambo yake nayajua. Najua inavyolala, najua inavyochacha ndani kwa ndani, na najua sababu inayomfanya mtu mzima mwenye akili zake aikanyage mpaka imzike. Wajukuu wakinisikia nikisema hivi hucheka. Babu ameishia darasa la tatu, theluji ameijulia wapi? Nimeijulia Malindi, kwenye mchanga, miaka ile ya themanini, na nusura inikoseshe mke. Halafu hiyo hiyo ikanirudishia. Basi nianze mwanzo, maana nikianza katikati mtasema nazua.

Mimi nilikuwa mchimbaji. Visima, vyoo, mashimo ya takataka ya mahoteli, mpaka msingi wa duka moja Watamu ambao mwenyewe alibadili mawazo nikaambiwa nifukie. Kaburi sikuchimba kwa ujira, kaburi watu huchimbiana. Nilikuwa na beleshi moja, sururu moja, mtaimbo, na kofia ya kusukwa kwa ukindi niliyopewa na marehemu babangu, ambayo nitaitaja tena mbele, maana ilipotea siku ile ya kisima.

Wakati ule Wataliano walikuwa wameshajaa Malindi, hata wauza samaki waligombana kwa Kitaliano. Lakini walikuja na kaskazi, bahari ikiwa shwari na jua limetulia. Huyu wangu alikuja na kusi. Wenzake wakifungasha, yeye anateremka. Bahari imechafuka, ina rangi ya chai ya maziwa kwa matope ya mto Sabaki, mwani umerundikana ufuoni unanuka, hoteli zimefunga milango, naye ndio kwanza anafurahi. Akapanga vyumba viwili nyuma ya soko, akanunua baiskeli kuukuu. Watu wakasema yao. Wengine: hana pesa, anafuata bei ya kusi. Wengine: ana kesi kwao. Muuza kahawa mmoja pale sokoni akakata shauri: "Huyo kaachwa na mkewe. Mwanamume aliyeachwa ndiye hutembea kinyume na watu." Nikacheka mpaka kahawa ikanipalia. Sikujua kwamba maneno yale yalikuwa yananitafuta mimi.

Kumbe sababu ilikuwa nyepesi. Kwao ni milimani, na miezi ile wenzake wanapokuja kuota jua ndiyo miezi theluji inapoanguka, na theluji ndiyo kazi yake. Kila alfajiri alikwenda kuitazama mlimani, akarudi kuwaambia wenyeji: leo piteni huku, kule msipite. Nikamuuliza, hiyo nayo kazi? Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, neno hapa neno pale, lakini kilifika.

"Kazi kama yako," akasema. "Mimi chimba shimo."

Nikampenda tangu siku hiyo. Mzungu mchimbaji nilikuwa sijamwona.

Alikuja sokoni kutafuta mtu wa beleshi, nikanyosha mkono. Akanipeleka ng'ambo ya mto, njia ya Mambrui, kwenye vile vilima vya mchanga ambavyo upepo wa kusi unavisukuma mwaka kwa mwaka. Akapanda kimoja, akateremka mgongoni kwake, upande usiopigwa na upepo, akasema, "Chimba." Nikachimba shimo la kufika kiunoni. Akachuchumaa akaupapasa ukuta wa shimo kwa kiganja, kama mama anavyopapasa mtoto kutafuta homa. Akatoa brashi ya rangi akaufagia. Akatoa kioo kidogo akatazama chembe za mchanga. Kisha akasema, "Funika." Nikafunika. Kesho yake tukaenda kilima kingine.

Sasa fikirini, mtu anachimba shimo, hatii kitu ndani, hatoi kitu, analifunika. Ikaenea Malindi nzima kwamba tunatafuta mali iliyozikwa na Wareno. Tukirudi kesho tunakuta shimo letu limechimbwa upya, mara tatu ya lile tulilochimba sisi. Siku moja tulimkuta mzee mmoja wa heshima, mwenye kanzu, amezama humo mpaka mabega. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kutoka, akatuuliza kama tumeona mbuzi wake.

Mimi nilidhani mzungu ana ugonjwa wa huko kwao. Lakini siku moja tumekaa tunakula mihogo ya nazi, akanieleza. Mchanga si theluji, alisema, lakini upepo ni ule ule. Upepo huchukua mbele ukaweka nyuma, tandiko juu ya tandiko. Yeye hakuweza kulala bila kuona tandiko la leo limekaaje juu ya la jana. Nikamwelewa. Mimi mwenyewe nikipita penye choo cha mtu, jicho linakwenda kwenye shimo kabla sijamwamkia mwenyewe.

Akasema theluji haianguki mara moja ikaisha. Leo inaanguka, kesho jua, kesho kutwa upepo, halafu inaanguka tena. Ukikata shimo mlimani unaziona siku zote zimepangwa kama magodoro. Nyingine imeshikana, nyingine legelege. Na iko moja mbaya. Baridi ikiwa kali na theluji ikiwa bado nyembamba, ile ya chini inachakaa, inageuka chembe chembe kama sukari, haishikani. Juu ya sukari ile upepo unaleta tandiko gumu, jeupe, zuri la kutazama. Unatembea juu yake, linakubeba. Unatembea, linakubeba. Unafika mahali pamoja tu, linakatika, na ubavu mzima wa mlima unashuka nawe uko juu yake.

"Kama mkeka uliokalia," nikasema, "mtu akauvuta."

"Bravo," akasema. "Mkeka."

Nikamuuliza kama ni kweli nilivyosikia, kwamba mtu akipiga kelele theluji inashuka. Akacheka. "Kelele hapana. Mguu." Nikamwambia basi huko kwenu mtu anaweza kwenda mlimani na mkewe. Akanitazama, sijui alielewa au hakuelewa.

Akanifundisha ishara. Mlima hauui bila kupiga hodi, ila hodi yake ni ndogo. Ya kwanza, ufa unaokimbia mbele ya mguu wako. Ya pili, mguno. Theluji inaguna chini, vuum, kama gunia linalotuliwa chumba cha pili. Ukisikia mguno huo, husemi nasogea kidogo nione. Unarudi kwa njia uliyojia. Na kama ni lazima kupita mahali pabaya, mnapita mmoja mmoja. Anayevuka anavuka, wengine wanasimama mahali pagumu, wakimtazama, wasimwondolee macho hata kupangusa kamasi.

Nikamwambia kwetu ni kinyume. Penye hatari tunashikana mikono tuende wote.

"Halafu nani atachimba?" akauliza.

Nikala muhogo.

Siku hiyo ndiyo aliyoniambia kwamba yeye naye alishazikwa. Si siku mbaya kabisa, alisema, siku mbaya kabisa hakuna anayetoka nyumbani. Ilikuwa siku ya katikati, jua zuri. Asubuhi alichimba shimo akaiona sukari kwa macho yake, halafu akapita, kwa sababu alikuwa akipita pale tangu udogo wake. Mwenzake alisimama mbali akimtazama, akaona alipopotelea, akamchimbua. "Asiyejua, anaogopa," akasema. "Mimi nilijua." Tangu siku hiyo hawezi kulala chini ya blanketi zito. Ndiyo maana alipenda Malindi, mahali mtu anajifunika kanga moja akapata usingizi.

Nilidhani naisikiliza hadithi ya mtu mwingine.

Huku nyumbani mke wangu alikuwa amechoka. Kila jioni aliniuliza, "Leo umechimba nini?"

"Shimo."

"La nini?"

"La kutazama."

"Na la jana?"

"Tumelifunika."

Jioni moja hakuuliza. Nilikuta chungu kimefunikwa, kitanda kimetandikwa, na mke na mtoto hawapo. Jirani akaniambia wamekwenda Ganda, kwa baba yake. Hakuchukua sahani wala sufuria. Mwanamke akichukua sahani amekasirika. Akiacha kila kitu mahali pake, huyo amefikiri.

Nikaenda Ganda kwa miguu, nimevaa shati la Pasaka. Baba mkwe alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa mkulima wa minazi na mikanju, mtu wa maneno machache yaliyonyooka.

"Mkwe," akasema, "binti yangu anasema wewe fundi wa visima unamchimbia mgeni mashimo makavu. Hapa kwangu wanawake wanatembea mpaka mguu unaota sugu kufuata debe moja la maji. Sasa mimi sikugombezi. Nichimbie kisima. Siku nitakayoona maji, utamchukua mkeo na mtoto, na kuku juu."

Nikasema, "Ndiyo, baba." Ungekuwa wewe ungesema nini?

Lazima hapa nimtaje mama mkwe, ingawa kumtaja kwenyewe ni kazi. Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Mkikutana njiani kila mmoja anapata shughuli kichakani. Jina lako halitoki kinywani mwake. Nilikuwa nimekula chakula chake miaka sita, na uso wake nisingeutambua sokoni. Akiwa na neno na mimi alimwambia mtu mwingine, na kama hapakuwa na mtu alimwambia mnyama. "We mbuzi, mwambie aliyekaa hapo uji uko tayari." Nami nikamjibu mbuzi. Msicheke, tulielewana kuliko watu wengi wanaotazamana.

Nikaanza kisima karibu na mkanju mkubwa. Shemeji yangu, kaka wa mke, mtu mzima mwenye maneno kuliko mikono, ndiye aliyevuta ndoo. Udongo wa juu mweusi, mzuri. Chini yake mwekundu, mgumu, ukuta unasimama kama umepigwa lipu. Nilipofika kina cha pima mbili nikakuta mchanga mweupe, mkavu, upana wa mkono mmoja, unatiririka ukiugusa. Nikaupita. Chini yake tena ugumu, na unyevu ukaanza kunukia. Pima tatu na nusu nilikuwa nasema kila jioni, "Kesho maji." Shemeji akawa anaitikia kama wimbo. Alinipachika jina la Bwana Kesho.

Mtaliano akanikosa mchangani, akauliza, akaja Ganda kwa baiskeli, jasho limemtoka, mkononi kifurushi cha sukari ya kuwasalimu wakwe zangu. Sukari wakati ule haikuwa mchezo. Baba mkwe akafurahi, akaiweka mapajani. Mgeni akaenda kisimani, akalala kifudifudi ukingoni, akachungulia, akanyosha mkono akachota kidogo ule mchanga mweupe kwa kijiko kilichofungwa kwenye ufito mrefu. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika.

"Hapana ingia," akaniambia. "Sukari."

"Nimeshaipita," nikasema. "Iko juu, mimi niko chini."

"Ndiyo," akasema. "Juu ya kichwa yako."

Baba mkwe akataka kujua habari ya sukari. Basi Mtaliano akaomba ubao, gunia kuukuu na unga. Ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada, ulikuwa umepita, lakini unga wake bado ulikuwepo majumbani, watu hawaupendi, wanawapa kuku. Akatandika gunia juu ya ubao, akapiga unga wa njano ukakaa vizuri. Kisha akafungua kile kifurushi mapajani mwa baba mkwe, akanyunyiza sukari juu ya unga, nusu nzima ya kifurushi. Baba mkwe akafumba macho. Juu ya sukari akaweka unga mweupe wa muhogo, akaupigapiga kwa kiganja mpaka ukawa mgumu kama chapati. Halafu, hakujua mila, akamwita mama mkwe aje karibu aone, akamvutia na kigoda ubavuni mwangu kabisa. Mama wa watu akakimbia akaingia jikoni. Lakini ukuta wa jiko ulikuwa wa makuti, na makuti yana matundu, na baadaye nilijua kwamba kwenye tundu moja palikuwa na jicho.

Akauinua ubao upande mmoja, polepole. Unga ukakaa. Akauinua zaidi. Ukakaa.

"Mbona haianguki?" baba mkwe akauliza. "Theluji yako imetuzoea."

Mtaliano akachukua korosho moja, akaiweka juu ya ule unga mweupe. "Mtu," akasema. Kisha akaigonga korosho kwa kidole, mara moja, si kwa nguvu. Unga mweupe ukakatika mstari mmoja kama uliokatwa kwa kisu, ukateleza mzima mzima, ukaishia kwenye kikoi cha baba mkwe, korosho ndani.

Baba mkwe akaitafuta korosho kwenye unga, akaipata, akaipuliza, akaila.

"Mtu wako amekufa," akasema. "Na sukari yangu je?"

Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, huoni? Shemeji amechoka kuchimba, amekodi shahidi kutoka Ulaya."

Mtaliano hakucheka. Alieleza yote tena, ufa, mguno, mvua ikiongeza uzito juu, kwa sauti ya mtu aliyeshasema hivyo akapuuzwa. Akatushauri tuhame, tuchimbe mahali pengine, kuta tuzilaze, tujenge kwa mawe tukishuka. Akamalizia kwa kuniuliza mimi, "Ukiwa chini, nani anakutazama?"

"Shemeji."

Akageuka. Shemeji alikuwa ameshalala chini ya mkanju, mdomo wazi.

Baba mkwe akamsindikiza kwa heshima, akarudi akaniambia, "Mkwe, rafiki yako ni mtu mwema na anajua kupika. Lakini hiyo ni barafu ya kwao. Hapa ni udongo wa Ganda." Nami nikajiambia hivyo hivyo. Nilikuwa nimechimba visima tangu sijaota ndevu. Na kulikuwa na jambo lingine, nalisema wazi: jioni ile mtoto wangu, aliyekuwa ndio anaanza maneno, alimnyoshea mikono shemeji akamwita "baba." Shemeji akaona raha. Mke wangu akatazama pembeni. Nikajua sina siku za kuhamisha kisima. Maji yalikuwa karibu, nilikuwa nayanusa.

Usiku mvua ikanyesha, ile ya kusi, inakuja inakwenda inakuja tena. Asubuhi jua safi. Siku ya katikati, angesema yule bwana. Nikashuka. Nilikuwa na kaptula moja tu, na hiyo ilikuwa na madirisha mawili nyuma, kofia kichwani. Baba mkwe alikwenda shambani, mke wangu alikwenda kuteka maji na mtoto mgongoni. Shemeji akavuta ndoo sita, akasema anakwenda kujisaidia. Kujisaidia kwenyewe kulikuwa kwa mgema.

Juu akabaki mama mkwe. Alikuwa ametandika jamvi lake la makopa ya muhogo upande wa pili wa mdomo wa kisima, kwa sababu udongo niliotoa ulipafanya pakavu. Mimi sikumwona, nilisikia makopa yakigeuzwa.

Nikachimba. Nikasikia juu, "We kuku."

Nikaendelea.

"We kuku, huna macho? Huoni nchi imechanika chini ya makopa yangu?"

Nikadhani kuku amepanda jamvini. Hata nikamhurumia, maana sauti ilikuwa kali.

"We kuku, nchi imeguna. Hukusikia? Imeguna kama alivyosema yule mgeni. Ungekuwa na akili ungetoka huko uliko."

Mimi beleshi, beleshi. Naapa sikuelewa. Miaka sita nimejibu mbuzi na paka, siku ile moja iliyokuwa na maana nikadhani kuku anatukanwa yeye mwenyewe. Ila nadhani nilielewa kidogo, sikutaka tu. Chini ya unyayo pale nilipokanyaga palikuwa pameanza kuwa baridi.

Halafu kamba ikatikisika, na jina langu likashuka kisimani. Jina langu lote, langu na la baba yangu, kama naitwa na karani wa kodi.

"Toka," akasema mama mkwe. "Toka sasa hivi. Au unataka nimwambie mjukuu wangu baba yake alikuwa kiziwi?"

Nikaacha beleshi lilipo. Niliparamia vile vidato nilivyochonga ukutani kama ngedere aliyeiba, na kila nilipokanyaga, kile kitandiko cheupe cha mchanga kilitiririka shingoni mwangu. Kofia ikaanguka. Nilipotoa kichwa nikamwona. Alikuwa amesimama mbali, kwenye shina la mkanju, kamba ameizungusha shinani mara mbili, amejikita miguu, na macho ameyakaza kwangu. Hakuyaondoa. Mwanamke aliyekatazwa na mababu wote kunitazama alinitazama kutoka nywele mpaka kucha, na katikati.

"Lala," akasema. "Tambaa. Usisimame."

Nikatambaa nikimfuata. Nilipofika mzizini kwa mkanju nikausikia mwenyewe. Vuum. Si kelele kubwa. Upande wote wa jamvi ukakatika kwa mstari mmoja, ukashuka mzima, na majani yake juu, na nusu ya jamvi, na makopa, kama mtu aliyeketi kwa adabu. Halafu vumbi. Halafu mchanga ukaendelea kutiririka muda mrefu, sauti ya mchele unaomiminwa.

Tulipoweza kupumua, aibu ikatukumbuka. Yeye akaugeuzia uso mkanju, akajifunika leso. Mimi nikafunika yale madirisha kwa mikono yote miwili, nikatazama upande mwingine. Huko alisimama kuku, mzima, amenyamaza.

Nikamwambia kuku, "Ahsante."

Nyuma yangu sauti ikasema, "Kuku amesikia."

Baba mkwe alirudi akikimbia, na shemeji kutoka upande wa mgema, pombe imemtoka yote. Wakatazama shimo, wakanitazama, wakatazama tena shimo. Baba mkwe akashika mkanju. Akamwambia mkewe, si kwa ukali, "Sauti yako imenifikia shambani. Umemwita?"

"Nimemwita," mama mkwe akasema ndani ya leso.

"Kwa jina?"

"Kuku hakufikisha."

Baba mkwe akakaa chini. Ilikuwa kesi ngumu. Mama mkwe amemtamka mkwewe na kumwona na kaptula, hapo kwa kawaida mbuzi anachinjwa kuosha aibu. Lakini atolewe na nani? Aliyeita au aliyeitwa? Shemeji akasema atolewe na kuku, akatazamwa, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Hapo ndipo mke wangu alipotokea, debe kichwani, mtoto mgongoni. Akasimama. Akaona shimo limejaa udongo, beleshi halipo, kofia haipo, mimi mwekundu kuanzia nywele kama tofali.

"Shimo jingine," akasema taratibu. "Na hili nalo umelifunika."

Akatua debe, mkono mmoja, bila kuinama sana kwa ajili ya mtoto. Akachota kwa kata, akanimwagia kichwani. Akachota tena. Maji aliyotoka nayo mbali asubuhi nzima, akayamaliza yote juu yangu, debe zima, akinisugua masikio kama mtu anayekwenda kusimamishwa kanisani. Mtoto akanitazama nikitokeza kidogo kidogo chini ya udongo, akasema, "Baba." Shemeji alikuwa hapo hapo, hakutazamwa yeye.

"Mimi nilisema," baba mkwe akaanza, "siku nitakayoona maji..."

"Maji si ndiyo hayo?" mama mkwe akasema, bado ameugeukia mti. "Mbele ya macho yako, mdomoni mwa kisima. Jina limeshatoka, halirudi. Mkwe amchukue mkewe, ampeleke kwake kabla mtoto hajasahau tena. Kisima kitachimbwa kule kwenye minazi, kwa mawe, polepole, kama alivyosema mgeni. Na wewe," alimaanisha shemeji, "utavuta ndoo umesimama."

Tuliondoka jioni ile ile, watatu na kuku wawili.

Kisima kilichukua mpaka kusi ya pili. Niliacha mdomo mpana, kuta nikazilaza, nikajenga kwa mawe nikishuka, na yeyote aliyekuwa chini alikuwa na mtu juu wa kumtazama. Mtaliano aliporudi tulikuwa tumeshapata maji. Akagonga mawe kwa mpini wa beleshi, akaweka sikio, akanywa kata mbili. Nikamwambia habari yote. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniomba nimwonyeshe aliyetazama. Nikamwonyesha jiko. Akaenda mpaka ukuta wa makuti, akavua kofia, akasimama pale.

Mbuzi hakuchinjwa kamwe. Baba mkwe aliisema kesi ile mpaka akafa na hakupata wa kumtoza. Mama mkwe naye hakurudi kwenye kichaka tukikutana njiani, ila alibaki na mazoea yake, akayafanya ndiyo utani wetu. Siku moja nikiwa nimekaa barazani kwake, uzee umeshatuingia sote wawili, alitoka na kikombe, akakiweka karibu yangu, akageukia uani.

"We kuku," akasema, "mwambie mkwe wangu chai inapoa. Na mara hii umwambie vizuri."

Nami nikamjibu kuku kwamba nimesikia mara ya kwanza.